Fomu Namba Kumi na Saba

Reli kuu haina habari nasi.
Hupita mbali, kaskazini, imenyooka kama neno la mkopeshaji,
ikipeleka ng'ombe na mahindi bandarini Rosario.
Ila penye kilomita ya mia mbili na tatu hujikwaa kidogo:
swichi, mkono wa chuma, kokoto zilizomwagika.
Hapo ndipo tulipochipuka sisi.
Kilomita kumi na tisa za tawi,
kisha tawi likazaa kijitawi, mita mia nne tu,
kikapinda kiwiko, kikaingia kinu cha unga cha Zubeldía
na kufia ukutani, penye magogo mawili.

Reli kuu ilipewa ramani. Tawi lilipewa jina.
Kijitawi kilipewa Baudilio.

Baudilio Etcheverry, mshika swichi,
bega moja chini kuliko la pili
kwa miaka thelathini na moja ya kuvuta: kulia, kushoto, kulia.
Mkewe, Herminia, alisema hata usingizini humbadilishia njia:
hulala upande wa dirisha, akaamka upande wa mlango.

Wakaja mabwana watatu wenye mikoba,
wakahesabu abiria: wanne, na mmoja wao kuku.
Wakafunga tawi Jumanne, kabla ya chakula cha mchana.
Kinu kilisaga hadi Ijumaa ngano iliyosalia,
na unga ukabaki madirishani kama uliosahau kuteremka.

Lakini kijitawi walikiruka kwenye daftari,
na kisichofutwa daftarini hakifi.
Kila mwezi, tarehe tano, bahasha ya kahawia:
mabehewa mangapi yamesimama, mzigo gani, wa nani.
Najua, maana mimi ndiye niliyezipeleka,
kwa baiskeli, juu ya mataruma, barabara ikiwa tope.
Mataruma hayakupangwa kwa hatua ya mtu
wala kwa gurudumu langu.
Yalipangwa kwa uzito ambao haupo tena.

Baudilio alivaa kofia ya kazi kabla ya kufungua.
Aliandika: Hakuna. Akapiga mhuri.
Miezi sitini na minne: Hakuna, Hakuna,
wino ukipauka, mwandiko ukizidi kunyooka.
Mwezi aliozikwa Herminia, pia: Hakuna.
Ile niliibeba njia nzima kana kwamba ina yai ndani.

Lilikuwapo behewa moja nyuma ya kinu, kweli,
bovu, lililokwisha kufutwa,
na kilichofutwa hakihesabiwi, hata ukijigonga goti nacho.
Desemba nyuki waliingia kwa tundu la msumari.
Februari mbao zilikuwa zikinguruma,
na Baudilio, shavu ubaoni, akaniita:
"Sikiliza, Ramona. Limewashwa."
Tarehe tano ya Machi akaandika:
Behewa: 1. Mzigo: asali. Mwenyewe: hajulikani.
Litokako: mashamba ya alizeti.

Makao makuu hawana utani. Wakajibu kwa taipu:
mzigo usiohamishwa kwa siku thelathini hutozwa ushuru.
Hesabu ilikuwa chini, pamoja na riba.

Alicheka mpaka akakohoa. Halafu hakucheka.
Alipanda behewani na moshi wa samadi kavu, akaumwa mara sita,
akajaza chupa moja, akaifunga kwa kitambaa cha Herminia,
na penye "Malipo" akaandika: Yameambatanishwa.

Mei bahasha haikuja. Juni haikuja.
Tukajua: tumewakumbusha, nao wametufuta.
Bado tarehe tano alivaa kofia,
akanyonya chai yake chungu kwa mrija wa bati
akitazama kilomita kumi na tisa za nyasi.

Julai, kwenye baridi, nilimletea kifurushi bila barua.
Ndani ya gazeti la mjini, chupa ileile,
tupu, imeoshwa,
na kitambaa kimepigwa pasi.

Aliinua chupa juani, akaigeuza, kulia, kushoto.
Akaniuliza kama baiskeli yangu
inaweza kubeba mbili.